Kofi Lililopita Juu ya Kichwa

Paroko wetu alirudi kutoka semina na wazo. Padre akirudi semina na mafua, waumini humpa pole na maisha yanaendelea. Akirudi na wazo, tunaoumia ni sisi. Jumapili ile alisimama altareni akatangaza kwamba kuanzia sasa mafundisho ya Kipaimara si ya watoto peke yao. Mtoto, mzazi, babu au bibi, wote darasa moja, kila Jumamosi mchana, ukumbi wa parokia. Familia isiyokuja pamoja, mtoto wake atasubiri mpaka Baba Askofu apite tena kwetu, na Baba Askofu wetu ana parokia nyingi na gari bovu.

Mimi ni mwanamke ninayeuza misumari, vitasa na rangi. Jumamosi mchana ndipo kila mwanamume hukumbuka kwamba mlango wake haufungi. Kwa hiyo nilikwenda shingo upande, binti yangu mbele, na baba yangu mzazi nyuma akilalamika kwamba amefungishwa saluni bila kosa.

Binti yangu watu humwita Kwanini, jina alilojipatia kwa jasho lake mwenyewe. Baba yangu ni kinyozi, na wateja wanamwita Mzee Tulia. Si kwamba ametulia. Ni kwamba akikushika kichwa lazima apige ukelele, "Tulia!", hata kama umesinzia kwenye kiti. Tangu mama afariki tunaishi naye nyumba moja, na majirani zetu hawana haja ya redio. Yeye akisema, mimi najibu. Mimi nikisema, yeye anajibu kabla sijamaliza.

Ukumbi wa parokia asubuhi ni wa chekechea, kwa hiyo viti vilikuwa vya chekechea. Wazee walikaa magoti yamekaribia masikio. Katekista wetu ni mama aliyestaafu kufundisha michezo shuleni, na filimbi yake alistaafu nayo. Akipuliza mara moja tunasali, akipuliza mara mbili tunakaa. Mtu akijibu vizuri anasema, "Mpigieni makofi!", na sisi watu wazima, wengine na ndevu zao, tunapiga makofi kwa sababu mtoto ameyataja mapaji yote saba ya Roho Mtakatifu. Sisi wazazi tuliishia manne, na moja kati ya hayo manne baba mmoja alisema ni uvumilivu wa ndoa.

Siku ya tatu au ya nne hivi, Katekista akasema kila mtoto achague msimamizi. Akaeleza kwamba msimamizi ni mtu mzima aliyekwisha kupata Kipaimara, ambaye siku yenyewe atasimama nyuma ya mtoto na kumwekea mkono begani. Wazazi hawaruhusiwi.

"Babu," akasema Kwanini, kabla hata hajaulizwa.

Ukumbi mzima ukafurahi. Aliyekosa furaha ni babu mwenyewe. Alijaribu kusimama, na kiti cha chekechea kikasimama naye. Akakibandua kiunoni akakiweka chini kwa heshima.

"Siwezi," akasema. "Mimi Kipaimara changu hakikushika."

"Hakikushika vipi, Mzee?" akauliza Katekista. "Kwani ni rangi?"

"Enzi zetu, Askofu akishakupaka mafuta kwenye paji la uso, alikuwa anakupiga kofi."

Watoto wote wakaamka. Tangu mafundisho yaanze hawakuwahi kusikiliza hivyo.

"Kofi la ibada," Katekista akawahi kueleza. "Dogo tu. La kukumbusha kwamba Mkristo awe tayari kuvumilia. Liliondolewa zamani."

"Lilikuja na maneno ya Kilatini," baba akaendelea. "Pakisi tekumu. Sikujua maana yake. Nilichoona mimi ni mkono unakuja. Nikainama."

"Ukainama?"

"Nikainama. Kofi likapita juu ya kichwa changu, likamshika mwenzangu aliyepiga magoti kando. Halafu Askofu akasogea kwake, akampaka mafuta, akampiga na la kwake. Yeye akapata mawili. Mimi sikupata hata moja. Na aliyeyapata mawili yule pale."

Sote tukageuka. Karibu na dirisha alikaa Fundi Pole, mshona nguo ambaye duka lake linatazamana na saluni ya baba. Alikuwa anatabasamu, kama anavyotabasamu siku zote. Mkewe alipomgusa kiwiko akainua vidole viwili juu, kuthibitisha.

"Haya, wapigieni makofi," akasema Katekista kwa mazoea.

"Mimi nataka moja tu," akasema baba.

Ikabidi Paroko aitwe. Akaja na ufunguo wa gari mkononi, ishara kwamba hakukusudia kukaa.

"Mzee wangu, mafuta yalikugusa?"

"Yalinigusa."

"Maneno yalisemwa?"

"Yalisemwa."

"Basi Kipaimara unacho, tena kamili. Kofi halikuwa sakramenti. Lilikuwa alama tu ya kukutakia mema. Hayo maneno maana yake ni 'amani iwe nawe'."

Laiti angeishia kwenye sakramenti akaondoka zake! Nilimwona baba macho yanamtoka.

"Amani?"

"Amani."

"Kwa hiyo kile kilichonipita juu ya kichwa kilikuwa amani."

Paroko akatazama ufunguo wake.

"Sasa nimeelewa," akasema baba, na sauti ikapanda mpaka njiwa wa kwenye dari wakahama. "Tangu siku ile sijawahi kutulia. Nimegombana na mwenye nyumba, nimegombana na mashine za kunyolea, nimegombana na huyu binti yangu asubuhi na jioni. Na huyu bwana mtazameni! Mtazameni! Ana amani ya watu wawili!"

Fundi Pole akatabasamu.

Kusema kweli hoja ilikuwa na mashiko. Hakuna mtu aliyewahi kumsikia Fundi Pole akipaza sauti. Mkewe humgombeza mlangoni mpaka wapita njia wanasimama, na yeye anaendelea kutunga uzi kwenye sindano, uso mkunjufu kabisa. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba amekaa na mali ya mwenzake nusu karne, hapana jamani.

Baba akashikilia hapohapo. Mtoto hawezi kusimamiwa na mtu asiye na amani, eti atamwambukiza. Mpaka arudishiwe kofi lake, begani kwa mtu haweki mkono. Katekista naye akasema siku ya mazoezi kila mtoto awe na msimamizi wake nyuma, na asiye naye atamngoja Askofu na gari lake bovu.

Nyumbani nikamwambia Kwanini achague mtu mwingine. Nikamtajia binamu yangu mkunga, mwanamke mwenye akili timamu. Nikamtajia mwenyekiti wa kwaya.

"Babu au basi," akasema.

"Babu yako ana wazimu."

"Nimesikia!" ikaja sauti kutoka chumba cha pili.

"Kwani kwa nini lazima awe yeye?" nikauliza. Katika nyumba yetu swali hilo kwa kawaida huulizwa upande wa pili.

"Kwa sababu Baba Yetu nilifundishwa na Babu. Na Salamu Maria, na Nasadiki yote. Alikuwa ananikalisha kwenye ule ubao wa watoto saluni, ananinyoa, na nikikosea neno anasimamisha mashine. Wewe ulikuwa dukani."

Ilinichoma. Ni kweli nilikuwa dukani. Tangu hapo lile jambo likaacha kuwa la kuchekesha kwangu. Mtoto alikuwa anamtaka mtu aliyemfundisha, na huyo mtu alikuwa amekaza kamba kwa ajili ya kofi.

Katikati ya wiki nikampelekea baba chakula cha mchana. Kabla sijafika mlangoni nikasikia ubishi. Kwenye kiti alikuwa amekaa Fundi Pole, shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu ina nywele. Baba amesimama juu yake na mashine imezimwa.

"Nipige."

"Sikupigi, bwana."

"Lilikuwa langu. Nirudishie tu. Hata polepole."

"Tangu nizaliwe sijampiga mtu, ndiyo nianzie kwako?"

"Basi nusu iliyobaki nitainyoa baada ya kofi."

Fundi Pole akajitazama kwenye kioo, upande huu, kisha upande ule. Nilimwona anapima uzito wa jambo. Kutembea barabarani na kichwa kile kungekuwa mtihani hata kwa mtakatifu.

"Mzee Tulia," akasema, "hivi wewe unadhani mimi nina amani?"

"Nakuona kila siku. Mkeo anawaka, wewe unatabasamu."

"Nani anawaka?"

"Mkeo!"

"Njoo upande huu wa kulia." Baba akahama. "Hilo sikio la kushoto halisikii tangu ujana. Mke wangu akianza, namgeuzia hilo. Nyumbani kwangu ni vita, bwana wangu, basi tu habari hazinifikii."

"Na kutabasamu?"

"Nisiposikia kitu natabasamu. Watu huridhika."

"Na mimi? Mbona mimi unanisikia?"

"Wewe," akasema Fundi Pole kwa uchungu, "ndiye mtu pekee ninayemsikia kwa masikio yote mawili."

Nilijiziba mdomo nisicheke. Nilidhani baba angelipuka. Badala yake aliwasha mashine, akainyoa ile nusu iliyobaki mpaka mwisho, akakung'uta shuka, na hakusema "Tulia" hata mara moja. Hapo nikaogopa. Mteja alipoondoka, baba akakaa kwenye kile kiti cha wateja, ambacho sijawahi kumwona akikikalia.

"Basi amani yangu ilipotea," akaniambia. "Nilidhani walau iko kwa mtu. Kumbe hakuna aliyeipata."

Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari, makali, niliyoyapanga njia nzima. Nikamfungulia chakula tu, nikakaa kwenye benchi mpaka alipomaliza kula.

Siku ya mazoezi Katekista alijifanya Askofu. Alikuwa na mafuta ya kula kwenye kisosi na filimbi shingoni mahali pa msalaba. Watoto wakapanga mstari, na nyuma ya kila mtoto mtu mzima na mkono begani. Nyuma ya Kwanini palikuwa wazi. Baba alikuja, hilo sitamnyima, lakini alikaa kwenye kiti karibu na mlango, kofia mkononi, kama mgeni asiyejua kama ataruhusiwa kuingia.

"Kwanini, msimamizi wako yuko wapi?"

"Yuko mlangoni."

"Mzee Tulia, mazoezi yanakungoja wewe."

"Nilishasema siwezi."

Kwanini akageuka kwenye mstari, jambo ambalo ni kosa, na filimbi ikalia, na hakujali.

"Babu, kwa nini uliinama?"

Nawaambieni, katika kelele zote zile, swali hilo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Paroko hakuuliza, Katekista hakuuliza, mimi niliyeishi naye maisha yangu yote sikuuliza. Tulikuwa tumecheka tukatosheka.

"Watoto wengine hawakuinama," akasema Kwanini. "Mbona wewe peke yako?"

Baba akajipapasa kichwa.

"Kwetu," akasema, na kwa mara ya kwanza ukumbini hakupaza sauti, "baba yangu alikuwa na mkono mwepesi. Mkono ukiinuka unainama kwanza, kosa utaambiwa baadaye. Yule Askofu alikuwa mtu mwema. Lakini shingo yangu haikumjua."

Filimbi ikamtoka Katekista mdomoni ikaning'inia. Yeye si mtu wa machozi, kwa hiyo akakasirika.

"Haya! Nani anampa huyu mzee kofi lake tuendelee na mazoezi?"

Nani athubutu? Mzee wa watu, mvi kichwa kizima. Wababa wakatazama viatu vyao. Fundi Pole akatabasamu, na safari hii nadhani alikuwa amesikia.

"Mama atampiga," akasema Kwanini.

Macho yote yakanigeukia, na kilichoniuma ni kwamba sikuona hata jicho moja lenye mshangao.

"Mimi? Nimpige baba yangu mzazi? Kanisani?"

"Hapa ni ukumbini," Katekista akanisahihisha.

"Kila siku unamwambia, 'Baba, unanitafuta,'" akasema Kwanini. "Si ndiyo sasa amekupata."

Baba alikuwa ameshasimama. Akaja mpaka katikati, akakabidhi kofia yake kwa mtu, akanyoosha mgongo, akanielekezea shavu.

"Njoo. Najua umesubiri sana."

Nikainua mkono. Nilikuwa na nia ya kumgusa kidogo tu, mambo yaishe, nikafungue duka. Lakini kabla mkono haujafika usawa wa bega langu, shingo yake ikazama. Mabega yakapanda, kichwa kikashuka katikati yake, macho yakafumba. Ilikwenda yenyewe, hakuiagiza. Mzee mwenye wajukuu.

Akaivuta juu kwa hasira. "Bado. Rudia."

Nikainua tena. Ikazama tena.

"Rudia!" akapiga kelele, na watu wakaanza kucheka, na Katekista akacheka, na baba mwenyewe akawa anacheka kwa kujichukia. Mimi peke yangu sikuweza. Nilikuwa nakumbuka. Nilikumbuka mashine yake mpya niliyoidondosha kwenye ndoo ya maji. Nilikumbuka kioo kikubwa cha saluni nilichokipasua kwa mpira, na ule usiku niliporuka dirisha kwenda dansi nikarudi na kiatu kimoja. Kila mara alipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Mkono hakuinua. Hata siku moja hakuinua, na mimi nilikua nikimsimulia kila mtu kwamba baba yangu ni mkali, hana amani, nimeteseka naye.

Nikauteremsha mkono. Mara ya tatu sikuuinua. Niliuleta kutoka chini, taratibu, mahali anapouona, mpaka kiganja kikafika shavuni na kukaa. Ndevu zilikuwa zimeota ngumu, maana kinyozi hana wa kumnyoa.

"Amani iwe nawe, baba," nikasema.

Hakuinama.

"Hilo ndilo kofi?" akauliza, macho bado yamefumba.

"Ndilo hilo."

"Hilo hata inzi hahami."

Lakini shavu hakulitoa. Alilegeza kichwa mpaka uzito wake wote nikausikia mkononi, na mimi nikakishikilia. Watu waliokuwa wanacheka wakaacha mmoja mmoja. Mwishowe akafuta uso kwa mkono wa shati, akadai kofia yake, akaenda kusimama nyuma ya Kwanini na kumwekea mkono begani.

"Babu, unanifinya."

"Tulia," akamwambia.

Siku ya Kipaimara kanisa lilijaa mpaka nje. Baba Askofu alikuwa mtu mrefu, mikono mirefu, na mikono ya kanzu yake ilikuwa mipana ikipepea kila alipogeuka. Nilikuwa nimejiapiza kumtazama mwanangu akipakwa mafuta, kwa sababu jambo hilo hutokea mara moja tu. Nikashindwa. Askofu alipofika mbele yao na kuinua mkono, mimi nilikuwa namtazama baba. Nikaona mabega yanaanza kupanda. Nikaona shingo inaanza kuzama. Mkono wake ukabaki begani kwa mtoto, shingo ikarudi juu, na akasimama hivyo, wima, macho wazi, mpaka Askofu akasogea kwa mtoto mwingine.